Joto kwanza, chakula baadaye

Mwandishi wa makala haya ya chatu, suala la baridi umelipita haraka mno. Niko Ruiru. Julai iliyopita kijana wa jirani aliniita nimtazamie chatu wake mchanga. Nilimkuta chatu huyo kwenye katoni juu ya sakafu ya saruji, ngozi imelegea ubavuni kama soksi kubwa, mapovu yanamtoka puani, na kila akivuta pumzi anatoa sauti kama filimbi. Kijana alikuwa anamlazimisha kumeza panya! Jamani, nyoka hutegemea joto la nje. Mwili ukipoa, tumbo halisagi, panya huozea humo humo. Mpe joto kwanza, nyuzi kama 30 upande mmoja wa sanduku, kisha maji. Mapovu ni dalili ya ugonjwa wa mapafu; hapo anahitajika daktari wa wanyama, si dawa za kubahatisha.

Na tusifichane: chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumfuga chatu bila kibali ni kosa. Ndugu zangu wa Thika na Ruiru, mkimwona chatu amedhoofika, msimuue wala msimfiche. Wapigieni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mapema, angali ana nguvu za kuinua kichwa.