Ilani ya Mafundi wa Jua na Upepo

Sisi mafundi wa sola, wahitimu wa vyuo vya ufundi, wauza vifaa na wakazi wa maeneo yenye mitambo ya umeme nchini Kenya, leo tunaanzisha vuguvugu hili. Dai letu ni moja: umeme ukizalishwa kwetu, kazi nayo izalishwe kwetu.

Hatuombi muujiza. Serikali ilikwisha kufanya hivyo kwa umeme wa jotoardhi kule Olkaria. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi uliwashwa huko mwaka 1981, na mwaka 2008 ikaundwa GDC, kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, ili hasara ya kisima kisichotoa mvuke isimtishe mwekezaji. Matunda yake tunayaona: wachimbaji wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wamechimba visima Ethiopia na Djibouti. Ujuzi huo ulilelewa kwa fedha za umma na kwa subira.

Jua na upepo havikupata malezi hayo. Mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, Marsabit, ilikaa bure ikingoja laini ya serikali ya kufikisha umeme Suswa. Kwa upande wa jua, mwaka 2020 Bunge liliondoa msamaha wa kodi ya VAT kwa vifaa vya sola. Mwaka 2021 likaurudisha. Nani atajenga kiwanda mahali ambapo kila Mswada wa Fedha unaweza kumvurugia hesabu? Ndiyo maana paneli nyingi hushushwa Mombasa zikiwa tayari zimeundwa, na kijana mwenye cheti huambulia kibarua cha kuzipandisha juu ya bati.

Kwa hiyo tunadai:

1. Msamaha wa kodi kwa vifaa vya sola udumu miaka 10 bila kuguswa, na malighafi ya viwanda vya nchini itozwe kidogo kuliko bidhaa iliyokamilika.

2. Kila zabuni ya umma ya sola, iwe ya shule, zahanati au kisima cha maji, itenge fungu la vifaa vilivyoundwa nchini na la mafundi wa kaunti husika.

3. Vyuo vya ufundi vipewe karakana zenye paneli, inveta na betri za kufanyia kazi, na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ipatikane kwa ada ambayo fundi anaimudu.

4. Laini ya umeme ikamilike kabla ya mtambo.

5. Wenyeji waridhie kabla ya hati ya ardhi kutolewa. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba ardhi ya mradi huo wa upepo wa Marsabit ilitolewa bila kufuata sheria. Hilo lisirudiwe.

Nasi tunajifunga: hatutafunga vifaa bandia, hatutatoa hongo kupata zabuni, na hatutakuwa mali ya chama chochote cha siasa.

Fundi, mwanafunzi, mkulima mwenye pampu ya sola, jiunge nasi. Mwaka 2027 mbunge atakapokuja kuomba kura, muulize alisimama wapi kodi ya sola ilipojadiliwa. Asiye na jibu, mnyime kura.