Usiniambie i7, Niambie Kizazi

Ukitembea Luthuli Avenue na sura ya mtu anayetafuta laptopu, utaulizwa bajeti yako, kisha utajibiwa swali ambalo hukuuliza. "Boss, hii ni i7. Ex-UK, safi kabisa." Hapo mazungumzo yamekwisha. i7 imeshatajwa. Nani atabishana na i7?

Mimi nitabishana. i7 inayotajwa hivyo tu, bila nambari zinazoifuata, haikuambii chochote kuhusu mashine. Na kuna pesa nyingi zinazotengenezwa mjini hapa kwa sababu sisi hatujui hilo.

Jina kamili la prosesa ya Intel huwa refu: i7-4600U, i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Hiyo 4 ni kizazi cha nne, hiyo 8 ni cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi unasoma tarakimu mbili, kwa hivyo i3-1115G4 ni ya kumi na moja. Sasa linganisha. i7-4600U ilitoka 2013 na ina viini viwili. Kiini ni kama mpishi jikoni: wakiwa wawili, oda zikizidi wanapanga foleni. i5-8250U ilitoka 2017 ikiwa na viini vinne. Hiyo i5 inaipita hiyo i7 mchana kweupe. Hata i7-7500U ya 2016 bado ilikuwa na viini viwili tu. Na hiyo i3 ya kizazi cha kumi na moja, ambayo mtaani tunaidharau eti ni ya watoto wa shule, itaiacha mbali i7 ya 2013. Nambari 3, 5 na 7 zinalinganisha ndugu wa tumbo moja. Hazilinganishi babu na mjukuu.

Kizazi si suala la kasi peke yake. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, kwa upande wa Intel ilikubali, isipokuwa chache sana, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Windows 10 nayo iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa jiulize: ofisi ya Ulaya yenye mamia ya laptopu za kizazi cha sita inazipeleka wapi? Ukipata jibu, angalia tena ile "i7 safi kabisa" uliyoshikishwa.

Najua kuna anayesema hapo ndipo penyewe, achana na mitumba, nunua mpya ndani ya boksi. Haya, tuifungue hiyo boksi. Katika laptopu mpya za bei ya chini utakutana sana na Celeron N4020: viini viwili, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi hadi huwezi kuongeza, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Hizo GB 64 ndizo kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inadai. Yaani umenunua nyumba ambayo fanicha ya mwenye nyumba imejaza sebule kabla hujaingia. Baada ya masasisho machache, nafasi imekwisha. Watu husema mitumba ya Ulaya ni takataka tunazomwagiwa, na wana hoja. Lakini mashine isiyoweza kuongezwa RAM wala kubadilishwa hifadhi ni takataka pia, ila hii bado ina karatasi ya plastiki kwenye skrini.

Mpya si mbaya zote. Intel N100, iliyotoka 2023, ina viini vinne na inatosha kazi za kawaida ikipewa RAM ya GB 8 na SSD. Shida ni kwamba neno "mpya" linatumika kama lile neno "i7": kukunyamazisha.

Wapenzi wa AMD nao wasicheke. Ryzen 5 7520U ni ya 2022, na ile 7 ya mbele inaifanya ionekane ya kisasa kabisa. Ndani yake kuna Zen 2, muundo wa 2019. Kwenye familia hiyo ya 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli. Hapo muuzaji wa Luthuli hana kosa, jina lilipikwa kiwandani.

Na kazi zetu za kila siku ni zipi hasa? Kuandika, barua pepe, WhatsApp ya kompyuta, kikao cha Zoom, YouTube, kurasa kumi na tano za kivinjari ambazo hutaki kufunga. Kwa kazi hizo, kinachokuchelewesha mara nyingi si prosesa. Ni RAM kidogo na diski ya zamani inayozunguka, yenye kichwa kinachotembea huku na huku kikitafuta faili. SSD haina kitu cha kuzunguka, ndiyo maana mashine ya miaka saba ikiwekewa SSD na RAM ya GB 8 inaamka kama imetoka likizo. Mwenye elfu thelathini mfukoni namwambia atafute i5 ya kizazi cha nane, SSD, GB 8, kwenye mashine za ofisi kama ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, ambazo RAM yake inabadilishwa. Hiyo ni bora kuliko i7 ya kizazi cha nne, hata kama ina kibandiko kinachong'aa.

Mbona nakasirika hivi juu ya vibandiko? Kwa sababu serikali inatuambia kazi ziko mtandaoni, ina hata mpango unaoitwa Ajira Digital, na mathe anachukua mkopo wa chama ili kijana apate mashine ya kuanzia. Mashine hiyo si pambo. Ni jembe. Ikiganda katikati ya kazi ya mteja, mteja hajui habari za vizazi, anajua umechelewa, na kesho anampa mwingine. Mkopo wa chama hauganda. Unalipwa kila mwezi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua vizuri nchi inavyopenda jina kuliko kazi. Unaulizwa una digrii gani kabla ya kuulizwa unaweza kufanya nini. i7 ni digrii ya laptopu. Tunaisoma kwenye kibandiko, tunainamisha kichwa kwa heshima, hatuulizi ilisoma lini wala inafanya nini siku hizi. Na anayeuliza anaonekana mjuaji, anayepoteza muda wa watu.

Basi tupoteze muda wa watu. Mwambie muuzaji awashe mashine, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende sehemu ya Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, idadi ya viini, RAM, na kama diski ni SSD. Halafu fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, usome betri ilizaliwa na uwezo gani na imebaki na kiasi gani. Dakika tano hivi. Akikuambia hakuna haja, "hii ni i7 buda, niamini", mrudishie laptopu yake taratibu na uende duka la pili.

Nanyi wenye maduka, hatuwaombi punguzo. Andikeni jina kamili la prosesa kwenye karatasi ya bei, na nambari zake zote. Kama mashine ni nzuri mnavyosema, wino hautawagharimu kitu.