Ufunguo na Mwani

Ewe kijana usomaye, bila shaka umepata kufundishwa kuwa protini ni kama ufunguo, na kazi yake ni kama kufuli: umbo likiwa sawa mlango hufunguka, likiwa baya mlango hubaki umefungwa. Mfano huo ulitolewa na Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, mwaka 1894, nao ulivifaa sana vimeng'enya alivyokuwa akivichunguza. Lakini waliomfuata waliugeuza mfano kuwa sheria, wakasema kuwa protini iliyokosa umbo thabiti ni protini iliyoharibika. Mimi naipinga sheria hiyo, wala siipingi kwa kupenda ubishi. Kosa lake linagusa damu ya watoto wetu.

Nenda Kibuyuni, katika pwani ya Kwale, ukawatazame kina mama wanaolima mwani. Kila kishada kimefungwa mahali pamoja tu katika kamba iliyonyooshwa baina ya vigingi. Sehemu yake nyingine yote iko huru, na maji yajaapo huyumba huku na huku. Nani awezaye kuchora umbo lake, ilhali halitulii hata kwa dakika moja? Je, mwani huo umeharibika? Waulize wenyewe wanaouuza! Kisha uvune, uubwage mchangani, nao utakuwa chungu iliyojikunja. Mtu aliyeuona mchangani tu hawezi kukwambia ulivyokuwa ukikaa baharini.

Mambo ya namna hiyo yamo mwilini mwa mgonjwa wa malaria, awe Msambweni au kwingineko. Kimelea cha malaria, kabla hakijaingia katika chembe nyekundu ya damu, huvaa koti la protini. Mojawapo wataalamu wameiita MSP2. Ncha yake moja imetiwa nanga katika utando wa kimelea. Urefu wake uliobaki hauna umbo maalumu, huyumba kama mwani.

Wachunguzi waliitengeneza MSP2 maabara, mbali na utando, wakapata kingamwili zinazoishika. Moja, yenye jina la 6D8, huishika barabara ile ya chupani. Lakini ikipelekwa kwa kimelea chenyewe, haiishiki. Imekuwaje? Mahali inaposhika pako karibu na mwanzo wa protini, na sehemu hiyo ikikutana na mafuta kama yale ya utando hubadili mkao na kujisokota. Chupani iko wazi. Penye utando huonyesha sura nyingine. Aliyeamini kuwa umbo la protini ni moja tu, popote iwapo, asingelifikiri hata kuuliza swali hilo.

Najua jibu la wapinzani wangu. Watasema: basi kitu kisicho na umbo na kiachwe, kwa maana hakuna silaha iwezayo kukilenga. Jibu hilo ni la uvivu. Huko Papua New Guinea ilijaribiwa chanjo yenye protini tatu za kimelea, MSP2 ikiwa mojawapo, na matokeo yalitangazwa mwaka 2002: kwa watoto ambao hawakupewa dawa ya malaria kwanza, wingi wa vimelea ulipungua kwa 62%. Tena vimelea vilivyokuwa na MSP2 ya aina iliyotiwa katika chanjo vilipungua, na vile vya aina ya pili ndivyo vilivyosababisha maradhi zaidi. Kisichoweza kulengwa kingepunguaje kwa kuchaguliwa hivyo? Upungufu ulikuwa katika kuchukua aina moja na kuiacha ya pili.

Mwaka 1999 Peter Wright na Jane Dyson waliandika kwamba fundisho la umbo na kazi halina budi kutazamwa upya. Tangu hapo imejulikana kuwa protini nyingi za mwanadamu mwenyewe zina vipande virefu visivyo na umbo, na vingi hufanya kazi penye utando wa seli.

Hata chanjo ya RTS,S, ambayo watoto wa kaunti za kandokando ya Ziwa Viktoria walianza kudungwa Septemba 2019, imejengwa juu ya kipande cha protini ya kimelea ambacho asidi amino zake nne hurudiwa mara nyingi, nacho hakina umbo thabiti. Mwalimu akichora kufuli ubaoni, mwulize ufunguo wa kipande hicho uko wapi.