Kujitolea katika mashindano ya ngalawa si kushika bendera tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe dukuduku langu kuhusu mashindano ya ngalawa yanayoandaliwa na klabu za pwani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa misimu mitatu nimejitolea kusaidia klabu moja iliyo karibu na kijiji chetu kuendesha mashindano hayo. Mwaka wa kwanza nilipewa bendera, filimbi na daftari kwa sababu, niliambiwa, mwalimu anajua kuandika. Klabu hufuata taratibu za kimataifa: ishara ya kwanza hutolewa dakika 5 kabla ya kuanza, ya pili zikibaki dakika 4, ya tatu ikibaki dakika 1, kisha vyombo huruhusiwa kuvuka mstari. Hayo nilijifunza kwa asubuhi moja. Hakuna aliyenifundisha la kufanya chombo kisiporudi.

Siku moja kusi ilivuma kwa nguvu. Zilitoka ngalawa 14, nami nikaandika 13 zilizomaliza. Wengine walisema ya 14 haikuanza kabisa, wengine kwamba imekwenda zake kijijini kwao. Mashua ya injini, ambayo kazi yake ni uokoaji, ilikuwa imechukua wageni wa kupiga picha. Mvuvi mmoja mzee aliyekaa ufukoni ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, maji yanakupwa. Watafuteni nje ya mwamba." Tuliwakuta vijana wawili wamekalia ngalawa iliyovunjika rengu, jua linazama. Kikao cha klabu kilichofuata kilizungumzia zawadi.

Kosa lile lilikuwa langu pia, kwani sikuandika majina ufukoni kabla ya kupandisha bendera. Lakini mzee yule aujuaye mkondo hakuwamo katika kamati. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wavuvi hawapendi kujitolea. Si kweli, Ndugu Mhariri. Mwalimu akijitolea Jumamosi mshahara wake haupungui. Mvuvi akiacha kuvua siku hiyo, nyumbani hakuna kitoweo wala cha kuuza.

Napendekeza kila shindano liwe na wavuvi wawili na mashua yao, walipwe mafuta na posho ya siku, na mashua hiyo isipakie mgeni hata mmoja. Fedha zipo, tunaziona kwenye vikombe na fulana. Tena kila nahodha atie sahihi au dole gumba akitoka na akirudi. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria mwaka 1996, taifa zima liliona uchungu wa kutojua ni watu wangapi waliokuwamo. Ngalawa za mashindano hubeba watu wachache tu!

Msimu ujao nitarudi na daftari langu, lakini bendera sitaipandisha kabla sijaiona mashua ya uokoaji imetia nanga mahali pake, haina wageni.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Pwani.