Picha Bila Daftari

Nina ugomvi na makundi mawili ya watu, na kabla sijamaliza nitakuwa nimegombana na mtu wa tatu, ambaye ni mimi mwenyewe. Kundi la kwanza ni la wale wanaoniona nikipanda basi hapa Nyashimo na kamera mbili za mkanda begani, wakacheka. Wanasema dunia imekwenda mbele, mzee huyu amebaki stendi. Kundi la pili ni la wale wanaoniona nikishuka Mwanza na kamera hizo hizo, wakanisifu kupita kiasi, kana kwamba kubeba chuma kizito ni hekima. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani jambo la maana ni kamera.

Kwanza niseme kwa nini ninakwenda Mwanza. Mpaka mwaka 2012 sisi wa Nyashimo tulikuwa watu wa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mtoto wa huku akisema "mjini" hakuwa na haja ya kutaja jina. Mwaka huo ulipozaliwa mkoa wa Simiyu, nasi tukawa wilaya ya Busega, karatasi zetu zikaanza kwenda Bariadi. Sina kinyongo na Bariadi. Lakini moyo haugawanywi kwa tangazo la serikali, na miguu yangu ilishazoea njia yake: michembe kidogo ndani ya mfuko, barabara ya Musoma, Magu, mto Simiyu, Kisesa, halafu Igoma, na hapo majabali yanaanza kusimama moja juu ya jingine na nyumba zimeyang'ang'ania mpaka kileleni. Nimeupiga picha mji ule tangu nikiwa kijana. Nimepiga Mlango Mmoja, Makoroboi, mwalo wa Kirumba asubuhi mitumbwi inapoingia, na Jiwe la Bismarck ambalo kila mpiga picha hulipiga mara ya kwanza kwa sifa na mara ya mia kwa mazoea.

Kamera zangu ni Zenit ya Kirusi, ambayo ukimwangushia mtu mguuni itabidi umpeleke hospitali, na Yashica ya lenzi mbili, ile ambayo unaitazama kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayeomba dua. Zenit inakula mkanda wa picha 36. Yashica inakula mkanda mpana wa picha 12, basi.

Sasa nianze na wanaocheka. Mpwa wangu ni mmoja wao. Siku moja, baada ya msiba wa bibi yake mzaa baba, alinikuta nikifuta lenzi kibarazani.

"Mjomba," akasema, "hivi hilo dude bado linafanya kazi? Mimi humu kwenye simu nina picha elfu nne."

Nikamwambia, "Vizuri sana, mpwa wangu. Hebu nionyeshe moja ya bibi yako."

Akatafuta. Akatafuta tena. Mwisho akakumbuka kuwa picha za bibi zilikuwa kwenye simu ya kwanza, ile aliyoibiwa stendi ya Buzuruga. Katika zile elfu nne mlikuwa na sahani za chipsi, viatu vipya, tangazo la mpira, na uso wake mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Marehemu hakuwemo. Ile picha iliyowekwa juu ya jeneza, ambayo yeye aliibusu akilia, niliitoa mimi kwenye kipande cha mkanda cha mwaka 1988, kikiwa kimelala katika kopo la maziwa ya unga. Sikumwambia siku ya msiba, maana msibani hatushindani. Leo nasema.

Wanaocheka hunijibu kuwa simu ina hifadhi ya mbali, kwamba picha zinakaa huko hewani hata simu ikipotea. Sikatai kwamba huduma hiyo ipo. Nauliza tu: nywila unaikumbuka? Bando ukikosa miezi mitatu je? Na ukifa wewe, nani atafungua? Kopo langu la maziwa halina nywila. Mtoto yeyote akilifungua na kuinua mkanda kwenye mwanga wa jua ataona kuna mtu pale.

Mpaka hapo wale wa kundi la pili wanapiga makofi. Watulie. Hawa ni vijana wa mjini, na wageni wa kupita, waliogundua mkanda juzi baada ya dunia kuutupa. Wanasema mkanda una roho. La hasha, ndugu zangu. Mkanda mweusi na mweupe una fedha, na una fedha kwa maana zote mbili: fedha yenyewe, ile madini, ndiyo inayoganda na kuwa weusi wa picha, na fedha ya mfukoni ndiyo inayokwisha kila unapofyatua. Tangu kampuni ya Kodak ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, Januari 2012, bei haijapata kunihurumia. Maduka ya mjini niliyokuwa nikipeleka mikanda ya rangi yalifunga moja baada ya jingine. Siku hizi nasafisha mwenyewe, usiku, blanketi mlangoni, na kwa kuwa dawa inataka maji ya digrii 20 na maji yetu hayajui baridi hiyo, natumia maji ya mtungi na kupunguza dakika. Hakuna roho hapo. Kuna mgongo unaouma na mikono inayonuka dawa.

Tena mkanda huo tunaoulilia haukutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilipima rangi za picha kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizoitwa "Shirley". Ngozi yake ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Sisi wengine tukatoka meno na macho. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990, wakati wazazi wetu walishapigwa picha za harusi na kuzikwa. Wala wenye simu wasichekelee: Google ilipotoa simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021 ilijisifia kwamba sasa kamera yake inazionyesha ngozi nyeusi kwa uhalisi zaidi. Anayejisifu kwamba sasa anaona anakiri kwamba zamani alikuwa haoni. Fundi wa huku alijifunza dawa yake mwenyewe: mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, usikisikilize kipima mwanga, kinadanganywa na ukuta, fungua lenzi zaidi, uso utakuja. Maarifa hayo yalikuwa kichwani mwa fundi. Kwenye mkanda hayakuwemo.

Sifa moja tu ya mkanda naikubali mbele ya mahakama yoyote. Mwenye picha 12 hana haraka. Akimwona mama anayeanika dagaa Kirumba, hawezi kumfyatulia mara thelathini na kuondoka. Atasimama, atamwamkia, watazungumza, na katika kuzungumza atapata nafasi ya kuuliza jina. Nafasi hiyo ndiyo ninayolipia. Lakini nafasi si tendo, na hapa ndipo ninapofika kwa mtu wa tatu.

Mwaka 1995, alfajiri moja, nilikuwa gatini Mwanza na Zenit yangu. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imeingia kutoka Bukoba baada ya kusafiri usiku kucha. Watu wakashuka na mikungu ya ndizi, magodoro, watoto wenye usingizi, mwanamke aliyevaa koti la mwanamume, wapagazi wakipishana nao ngazini. Mwanga ulikuwa mzuri wa ajabu. Nikapiga mkanda mzima, picha 36, nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Sikumuuliza hata mtu mmoja jina. Niliona kuuliza majina ni kazi ya karani, na mimi nilijiita msanii.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ile ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamelala makaburini pale Igoma, ambapo basi langu hupita kila safari. Nina nyuso zaidi ya hamsini katika mkanda ule. Wangapi kati yao walipanda tena mwaka uliofuata? Nani alikuwa mke wa nani? Yule mtoto mwenye kofia ya sufi yuko hai, ana wajukuu, au yuko Igoma bila picha hata moja nyumbani kwao, na mimi picha ninayo kwenye kopo? Sijui, na kutojua huko hakukuletwa na simu, wala wizi, wala Kodak. Kumeletwa na mimi. Mkanda ulifanya kazi yake yote. Kalamu ya shilingi chache ndiyo iliyokosekana.

Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikidhani methali hiyo ni ya wenye maduka.

Ndugu msomaji ataniuliza, hivi jina lina uzito gani hata tugombane? Nitajibu kwa mambo mawili niliyoyaona. Kulikuwa na studio katika mji ule, sitaitaja, iliyopiga watu picha kwa zaidi ya miaka thelathini: wanafunzi, maharusi, wanajeshi, vijana waliokopeshana tai moja. Mwenyewe alipofariki, warithi waliuza chumba na negativu zikatolewa nje kwa magunia. Nilipopata habari nikaenda mbio, nikakuta majivu. Nilikasirika sana. Lakini kijana aliyechoma alinijibu neno ambalo mpaka leo sijalipatia jawabu: "Mzee, hazikuwa na majina. Tungempa nani?"

La pili ni la mwaka 2004. Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, kuhusu sangara, ndege za mizigo na umaskini wa mwaloni. Ikazunguka dunia nzima na kufika mpaka kwenye orodha ya kugombea Oscar. Sisi tukaghadhabika. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu waliandamana. Nami nilighadhabika, maana niliujua mji ule kwa upande mwingine: mafundi, wauza vitabu, kwaya, akina mama waliosomesha watoto kwa dagaa. Lakini hebu tuwe wakweli. Tulikuwa na nini cha kuweka mezani? Mgeni alikuja na picha zake na maelezo yake. Sisi tulikuwa na makopo ya maziwa na magunia yanayongoja kiberiti. Asiye na kumbukumbu zake atasimuliwa na jirani, na jirani husimulia anachokitaka.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Leo mtu akitaka kuijua Zanzibar ya kabla na baada ya mapinduzi ya 1964, atazihitaji picha za nyumba ile. Mzee Oza hakuwa tajiri kuliko studio zetu zote. Alikuwa na mrithi aliyejua thamani ya kilichomo ndani ya makasha.

Najua nitakavyojibiwa. Wengine watasema hii ni kazi ya serikali, ya makumbusho na nyaraka. Ni kweli, nayo serikali ina deni lake. Lakini serikali haimjui shangazi yako. Jina la shangazi unalijua wewe, na siku ukifa hakuna idara itakayolipata. Wengine watasema kumuuliza mtu jina ni kumpeleleza. Ndiyo maana tunauliza kwa adabu. Wako wanaokataa, na mimi hufunga kamera nikaenda zangu, kwa sababu asiyetaka jina lake liandikwe huenda hataki na uso wake uchukuliwe. Kumbe jina ndilo linalopima kama nilikuwa na ruhusa.

Basi nasema hivi kwa makundi yote mawili. Mwenye simu, piga kwa simu. Mwenye mkanda, piga kwa mkanda. Lakini kila mwaka chagua picha ishirini, si elfu nne, uzichape kwenye karatasi, na nyuma yake uandike kwa penseli: nani, wapi, lini. Nakala moja mpe aliyepigwa. Wenye studio za zamani, kabla ya kuuza chumba, itisheni wazee wa mtaa mkae nao siku mbili na daftari. Shule, parokia, msikiti, ofisi ya kata, kila mmoja hawezi kukosa kabati moja kavu.

Mimi nalipa deni langu kwa awamu. Nimechapa ule mkanda wa 1995, na kila nikienda Mwanza nachukua picha zile katika bahasha, nakaa karibu na gati na kuwaonyesha wapagazi wa zamani na wafanyabiashara wa ndizi. Wengine hunifukuza. Mwezi uliopita mzee mmoja aliitazama picha ya kumi na tisa kwa muda mrefu, akaomba miwani ya mwenzake, akasema, "Huyu aliyebeba godoro ni mimi." Nikaandika jina lake. Halafu akaweka kidole juu ya kijana aliyekuwa nyuma yake, akanitajia jina la huyo pia, na jina la baba yake, akanirudishia picha.

Sasa ninayo majina manne.