Chuo kitoe basi, wanafunzi watoe mchezo

Kila muhula wa pili simu ya idara yetu haipoi. Wanaopiga ni vijana wa vyuo vikuu: vikundi vyao vya maigizo vimeshafanya mazoezi ya vitabu teule, na sasa wanatafuta siku. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili magharibi mwa Kenya, na sikumbuki kuwakataa. Kigogo kilipokuwa kitabu teule, wa kidato cha nne akishamwona mhusika wake Majoka akitembea mbele yake na miwani ya jua, hakumsahau tena. Basi tunaondoa meza bwaloni, tunatundika shuka mbili kwenye waya ziwe pazia, na kila mwanafunzi anatoa shilingi mia mbili.

Mwaka mmoja kijana aliyeigiza Sudi wa mchezo huohuo alikatiza majibizano, akatugeukia na kusema, "Hapo kuna swali la dondoo." Bwalo zima likafungua madaftari. Nilicheka pamoja na wengine. Walipokuwa wakikunja mavazi nikamuuliza kiongozi wao kama wana mchezo waliouandika wenyewe.

"Tunao, Mwalimu. Lakini nani atatulipa?"

Hilo ni swali la haki, na lawama zangu hazimwendei yeye. Zinaviendea vyuo vyetu, ambavyo vimewaachia wanafunzi sanaa ijitafutie riziki kwa mitihani ya watoto wa sekondari, ilhali historia ya vyuo hivyohivyo inasimulia mengine.

Makerere ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na mashindano ya maigizo baina ya mabweni. Huko ndiko Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi wa bweni la Northcote, alikoinolea kalamu ya tamthilia. Mchezo wake mmoja, The Wound in the Heart, unamhusu mpiganaji wa Mau Mau anayetoka kizuizini na kukuta mkewe amenajisiwa na afisa wa kikoloni. Mchezo huo ulinyimwa jukwaa la ukumbi mkuu wa Kampala. Novemba 1962, wiki chache tu baada ya Uganda kujitawala, wanafunzi wa Makerere waliingia katika ukumbi uleule na The Black Hermit, kazi ya Ngũgĩ huyohuyo.

Kisha wakatoka ukumbini kabisa. Katikati ya mwongo huo ilizaliwa Makerere Free Travelling Theatre, chini ya David Cook wa idara ya Kiingereza. Likizo ikifika, wanafunzi walifungasha mavazi yao, wakazunguka Uganda na hata Kenya, wakiigiza mashuleni, katika kumbi za mitaa na penye uwanja wowote wa kutosha, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na Kinyoro. Hapakuwa na kiingilio. Jambo hili naliona kubwa kuliko linavyosemwa. Aliyelipa mia mbili atavumilia mpaka mwisho, hasa akiwa na mtihani mbele. Aliyepita tu akitoka sokoni hakudai chochote wala hadaiwi. Ukimchosha, anainua kikapu chake na kwenda zake. Nadhani hao waliokuwa na hiari ya kuondoka waliwafundisha vijana wale kuigiza kuliko mhadhara wowote. Rose Mbowa alikuwemo katika safari hizo. Baadaye akawa mwalimu wa vizazi vya waigizaji palepale Makerere.

Sitaki kuipaka sukari. Wanafunzi hawakuwa huru kama tunavyopenda kukumbuka: mlezi wao alikuwa mhadhiri Mwingereza, na lugha za nyumbani zilibidi zipiganie nafasi kando ya Kiingereza. Hata hivyo basi liliondoka, na chuo ndicho kilicholitoa.

Nairobi nayo ilikuwa na kikundi chake cha kusafiri bure kufikia katikati ya miaka ya 1970. John Ruganda, aliyesoma Makerere na kuikimbia Uganda ya Amin, ni miongoni mwa waliokijenga. Atakayeshangaa kwa nini haikutosha kubaki mjini aende asimame Barabara ya Harry Thuku. Upande mmoja ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wa pili ni ukumbi wa kitaifa wa maigizo, unaotazamana na Hoteli ya Norfolk. Kuvuka barabara hiyo ni hatua chache, lakini tamthilia ya Dedan Kimathi, iliyoandikwa na wahadhiri wawili wa chuo, Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, ilipata siku za kuhesabu tu katika ukumbi huo mwaka 1976, kwa kuwa maonyesho ya kigeni yalikuwa yametengewa nafasi. Mchezo ulipokwisha waigizaji walitoka nje wakiimba, na watazamaji wakawafuata wakicheza. Mwaka 1982 watu wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji chenye kikundi chake cha maigizo, walinyimwa ukumbi huohuo wa kuigizia mchezo wa Maitũ Njugĩra, wakahamishia mazoezi ng'ambo ya pili, chuoni. Umati ukafurika kutazama mazoezi tu, hadi nako wakafungiwa mlango.

Wakubwa wa vyuo wanajua historia hii, kwa hiyo wakiniambia tatizo ni pesa nawasikiliza nusu. Timu za kandanda na voliboli hupewa basi, dereva na posho kwenda michezo ya vyuo, na ni sawa. Kikundi cha maigizo hupewa barua ya utambulisho. Gharama ya dereva na mafuta ya wiki tatu za Agosti haiwezi kukitikisa chuo chenye maelfu ya wanafunzi. Kinachotikisa ni kutojua vijana watasema nini wakifika Budalang'i au Mwatate.

Ninachodai ni kidogo. Chuo kitoe basi na mafuta, kisha kisiombe kusoma mswada. Wanafunzi wachague mchezo, lugha na njia ya kupita. Mhadhiri akitaka kwenda, aende kama msafiri mwenzao. Vitabu teule viendelee muhula wa pili, maana vijana hawa lazima wale, na mimi pia nina wastani wa somo wa kulinda.

Wakipita kwetu Agosti, mabweni yatakuwa matupu na githeri haikosekani. Ila mchezo wa orodha ya mtihani sitaupokea.