Huzuni ya Fei Fei ina kwao

Wewe unayesema uwakilishi kwenye filamu ni kuhesabu sura tu, hebu itafute Over the Moon, katuni ya Netflix ya 2020. Kaa nayo na wadogo zako.

Fei Fei ni msichana wa mji mdogo wa Kichina uliojaa mifereji. Wazazi wake wanaoka keki za mwezi. Mama humsimulia habari za Chang'e, anayeishi mwezini akimngoja mpenzi wake Houyi. Kisha mama anaugua, anafariki. Miaka minne baadaye baba anataka kuoa tena, na mke mtarajiwa anakuja na Chin, mvulana wa miaka minane asiyetulia hata dakika. Fei Fei anaona mama yake anasahauliwa. Anaunda roketi aende mwezini kuthibitisha kuwa Chang'e yupo. Kama Chang'e bado anangoja, basi na baba angoje.

Si unamjua mtoto kama huyu? Baba ameoa, wakubwa wanasema ni kheri, na kweli ni kheri, lakini hakuna aliyekaa na mtoto akamuuliza.

Sehemu niipendayo ni ya mezani. Jamaa wamejaa, wanakula kaa, wanabishana kuhusu Chang'e, kila mmoja na yake, wala hakuna anayesimama kumfafanulia mtazamaji wa Marekani. Wanakula tu. Na pengo la mama unaliona hapo hapo, kwenye chakula. (Vile viumbe vya rangi rangi vya mwezini, kusema kweli, vilinichosha.)

Tusidanganyane pia. Mwongozaji, Glen Keane, ni Mmarekani mweupe aliyekulia kazini Disney. Mwandishi, Audrey Wells, naye alikuwa Mmarekani. Aliandika hadithi hii akijua saratani inamuua, akiwafikiria mumewe na binti yake, na akafariki 2018 kabla filamu haijakamilika. Kwa hiyo huzuni ni yake. Lakini studio ya Pearl ya Shanghai ilikuwa ndani ya kazi, na sauti ni za wasanii wenye asili ya Asia: Cathy Ang, Phillipa Soo, John Cho, Sandra Oh. Ndiyo maana haikuwa mtoto wa Marekani aliyevishwa nguo za Kichina.

Najua kuna atakayeniandikia: hiyo habari ya mungu wa mwezi ni shirki. Hakuna aliyekuambia uiamini. Mwambie mdogo wako ni hekaya, kisha mzungumzie mama wa kambo. Hilo la pili ndilo gumu.

Na sisi je? Kwenye filamu nyingi za nje Mwislamu ni mtu wa bunduki, au mwanamke wa kuokolewa. Lini umeona mtoto wa Kiislamu akimlilia mama yake, hitima inasomwa sebuleni, sufuria za pilau nje, na yeye amejificha na leso ya mama kwa sababu bado ina harufu yake?

Usiniambie Kenya hatuwezi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ilimchukua Jo, mtoto anayekaribia kufa, na kijiji kizima kikamtengenezea filamu yake ya shujaa.

Wewe unayerekodi vichekesho vya dakika moja kwa simu, anza hapo. Msichana wako anaitwa nani? Mama yake alikuwa akipika nini, na siku hizi nani anakipika?